Mlango wa redio na hela ya soda

SIKIO LA MTAA
Na Rehema Mgaya

Jumatatu nilipigiwa simu na kijana wa Korogwe. Alinisalimu vizuri, akanyamaza kidogo, kisha maneno yakamtoka kwa mfululizo. Ana wimbo mmoja, ameurekodi kwa fedha alizopata kwa kuchoma mahindi stendi. Amemlipa mtu shilingi laki moja na nusu ili wimbo upigwe kwenye kituo kimoja cha redio. Wiki sita zimepita. Wimbo haujasikika hata mara moja, na yule mtu hapokei simu. Akaniuliza, "Mama, hao wengine wanapitia wapi?"

Nilimwahidi kumjibu hapa, kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza.

Nimefanya kazi miaka tisa katika maktaba ya nyimbo ya kituo cha redio hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kupokea nyimbo, kuzisikiliza, kuziandika daftarini, halafu kuzipeleka kwa watangazaji na madj. Nilianza na CD, zikaja flashi, ikaja baruapepe, na siku zangu za mwisho nyimbo zilikuwa zinaingia kwa WhatsApp usiku na mchana.

Jambo ambalo wasanii wachanga hawaambiwi ni jinsi nafasi ilivyo finyu. Chukua saa moja ya redio, toa taarifa ya habari, toa matangazo ya biashara, toa maneno ya mtangazaji. Zinabaki nyimbo kumi, zikizidi kumi na mbili. Kipindi cha asubuhi, ambacho kila msanii anakililia, ni cha mazungumzo, na kwa saa nzima kinaweza kupiga nyimbo nne tu. Nyingi kati ya hizo ni za watu ambao msikilizaji keshawazoea, maana mkuu wa vipindi anaogopa msikilizaji huyo asije akahamia kituo kingine. Mgeni anabakiwa na nafasi moja, akibahatika mbili. Mezani kwangu zilikuwa zinafika nyimbo thelathini kwa siku.

Na zilifikaje? Moja imeandikwa "Ngoma mpya kali". Nyingine "Final master 2". Nyingine haina jina kabisa, haina namba ya simu, haina hata jina la aliyeimba. Nakumbuka wimbo wa binti mmoja, gitaa moja na sauti nzito yenye kutetemeka kidogo mwishoni mwa kila ubeti. Ulifika kwenye flashi ukiwa na jina "Audio 014". Aliyeileta flashi aliiacha kwa mlinzi akaondoka. Ofisi nzima tuliupenda. Hatukuupiga, kwa sababu hatukujua ni wa nani, na kituo hakirushi kazi isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo mwanangu, anzia kwenye jina. Faili liitwe kwa jina lako na jina la wimbo. Kwenye ujumbe taja mtunzi, prodyuza, mwaka, namba ya simu inayopatikana, na sentensi mbili za kueleza wewe ni wa wapi na wimbo unasema nini. Mbili zinatosha. Mtu mwenye nyimbo thelathini za kusikiliza hatasoma historia ya maisha yako, lakini sentensi mbili atazisoma, na ndizo atakazozitamka hewani akikutambulisha.

Kisha sikiliza wimbo wako mahali pengine mbali na studio. Usikilize kwenye simu ya batani. Kama una rafiki dereva wa daladala, mwombe aupige kwenye spika zake gari likiwa linatembea. Studio nyingi za mitaani hupandisha besi kwa sababu ndani ya kile chumba kidogo besi inanoga. Redio nayo huibana sauti kwa mitambo yake kabla ya kuirusha. Kama mwimbaji alikuwa amefunikwa tangu studio, msikilizaji wa Handeni ataambulia kishindo tu. Nimeona nyimbo nzuri zikikataliwa kwa hilo, na mwenye wimbo akaenda nyumbani akiamini amebaniwa.

Kuhusu matusi nitasema kwa kifupi. Kituo kina leseni, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, hutoza faini na hata kufungia. Hakuna mtangazaji atakayeweka kazi yake rehani kwa ajili ya mstari wako mmoja. Tengeneza toleo safi.

La biti ndilo linalonisumbua zaidi. Vijana wengi wanachukua biti mtandaoni, wanaimba juu yake, wanatuma. Siku wimbo unapopendwa, mwenye biti anajitokeza, na kituo kinaingizwa kwenye mgogoro kisiouanzisha. Nunua biti yako, hata ya bei ndogo, na uandikiane na prodyuza kwa maandishi ni nani anamiliki nini. Halafu jisajili BASATA, baraza la sanaa lililoundwa kwa sheria ya 1984, kisha upeleke kazi yenyewe COSOTA, iliyozaliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Wengi huona hayo ni usumbufu wa maofisini. Lakini Januari 2022 COSOTA ilipogawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni na kwenye televisheni, hesabu ilifuata kazi zilizosajiliwa, si vipaji.

Hapo sasa ndipo tunapofika mlangoni, na mlango nao una mambo yake. Msanii mchanga husema, "Nataka kupigwa redio fulani." Redio nzima haina masikio. Mwenye masikio ni mtu fulani, wa kipindi fulani, saa fulani. Mwenye taarabu amtafute mtangazaji wa taarabu. Mwenye kaswida asipeleke kazi yake kwa dj wa Ijumaa usiku. Sikiliza kipindi wiki mbili kabla ya kutuma chochote, ujue anayekiongoza anapenda nini, anaanza saa ngapi, anapiga wageni au hapigi. Ukimwandikia, mwambie ulichokisikia kwenye kipindi chake. Atajua hukutuma kwa watu mia moja kwa mkupuo.

Na anzia nyumbani. Nashangaa kijana wa Pangani anapopanda basi kuja kulala kwenye benchi la mapokezi Dar es Salaam wakati Pangani FM iko palepale kwao. Ifakara kuna Pambazuko FM, Karagwe kuna FADECO, Micheweni kule Pemba wana redio yao ya jamii. Vituo hivi vinatafuta sauti za watu wao, na mtangazaji wake unakutana naye sokoni. Ukisikika huko, watu wa kwenu wataanza kuuomba wimbo, na ombi la msikilizaji lina nguvu kuliko bahasha. Walioishi enzi za kadi za salamu wanajua ninachosema. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu na jirani, akataja wimbo anaoutaka, akatia posta. Wimbo ulirudi hewani kwa sababu watu waliuita.

Tazameni singeli. Ilikulia Manzese, Tandale na Mburahati, ikachezwa kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, ikatembea kwa memori kadi kutoka simu hadi simu na kwenye bodaboda. Waungwana wengi waliiita kelele. EFM, iliyoanza kurusha matangazo 2014, ni miongoni mwa vituo vilivyoipa saa zake, na ilifanya hivyo wakati mtaa ulikuwa umeshaamua. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na muziki wa kigodoro ukasikilizwa Ulaya. Hakuna aliyewapeleka vijana wale kwa hela ya soda.

Nirudi kwenye laki moja na nusu. Kijana wangu, usilipe tena. Redio ina namna halali ya kupokea fedha: unanunua tangazo, unapewa risiti, na msikilizaji anajua hilo ni tangazo. Bahasha haina risiti. Wimbo ulioingia kwa bahasha hutoka bahasha inapokoma, na anayefuata hudaiwa zaidi yako. Wapo watangazaji wengi waaminifu, nimekaa nao chumba kimoja, na wanaumia kusikia majina yao yakiuzwa stendi na watu wasiowajua. Mara nyingi anayekuomba hela si mtu wa redio kabisa. Ni mtu aliyepiga picha na mtangazaji siku moja.

Kwa mabinti bei inayotajwa mara nyingine si fedha. Nilikuwa naletewa hadithi hizo maktaba kwa sababu nilikuwa mwanamke, na wakubwa hawakutaka kuzisikia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imeitaja rushwa ya ngono waziwazi, na TAKUKURU wana ofisi mikoani. Binti, hifadhi ujumbe ulioandikiwa. Usiende kuonana na mtu gesti ati kuzungumzia wimbo. Nenda ofisini, mchana, ukiwa na mwenzako.

Nimesema mengi kwa kijana, lakini mzigo mkubwa ni wa wenye redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam mlango ulikuwa mmoja, na ulikuwa na makali yake. Mashairi yalikaguliwa kabla bendi haijaingia studio za Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Wanamuziki hawakutajirika. Lakini bendi ya Morogoro ilijua mlango uko wapi na inatakiwa kubeba nini. Kwa utaratibu huo tumebakiwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, na Mlimani Park iliyoanzishwa 1978. Tangu vituo binafsi vilipoanza katikati ya miaka ya 1990, milango imekuwa mingi, na kijana hajui ni upi unaofunguka wala kwa ufunguo gani.

Wenzetu wamejaribu njia. Uingereza, BBC ina mpango wa BBC Introducing tangu 2007: msanii asiye na lebo anapakia wimbo kwenye tovuti, na watangazaji wa redio ya eneo lake wanausikiliza. Ufaransa imetumia sheria. Tangu 1996 redio zake kwa kawaida zinatakiwa angalau asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za vipaji vipya au kazi mpya. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria. Kituo chochote kinaweza, wiki ijayo, kutangaza anwani moja ya kupokea nyimbo, kumtaja mtu anayezisikiliza, na kutenga saa moja kila wiki kwa ajili ya wasiojulikana. Kimjibu kila aliyetuma, hata kwa mstari mmoja: tumeusikia, sauti iko chini, rudi studio. Mstari huo ungemwokolea kijana wa Korogwe mahindi ya msimu mzima. Na kila wimbo unapopigwa uandikwe, mwenye kazi apate haki yake.

Kwa sasa nimempa kijana majina ya vipindi vitatu vya mkoani Tanga vinavyopiga nyimbo za wageni, na nimemwomba anitumie wimbo wake niusikilize kwanza. Jana usiku umefika. Kwenye ubeti wa pili sauti imezama kabisa chini ya ngoma, na leo asubuhi nimemwambia arudi kwa prodyuza.

Ile flashi ya "Audio 014" ninayo bado. Wimbo unahusu mama anayemsubiri mwanawe stesheni ya Tabora, na treni imechelewa. Ulifika mwezi wa Ramadhani, mwaka 2012. Kama uliuimba wewe, au unamjua aliyeuimba, niandikie kupitia gazeti hili.