Kombora la Begani Halimjui Mtu

Wako wenzetu wadhanio kuwa habari za makombora ni za mataifa makubwa, wala hazituhusu sisi wa Afrika Mashariki. Twawajibu: zatuhusu sana. Tarehe 28 Novemba, 2002, makombora mawili yalifyatuliwa Mombasa kuipiga ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka kwenda Israel, nayo imechukua abiria 261. Yalikosa. Lakini asubuhi ile ile hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa kwa bomu, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo Wakenya 10 wasiokuwa na ugomvi na mtu.

Basi yapasa wananchi waijue silaha hii. Iliyotumika Mombasa ni Strela-2, iliyobuniwa na Warusi katika miaka ya 1960. Ni mtutu wa urefu wa karibu mita moja na nusu, na kombora ndani yake. Uzito wa vyote ni kama kilo 15, haufiki hata theluthi ya gunia la mchele la kilo 50. Mtu mmoja huuchukua begani akaenda nao porini.

Katika ncha ya kombora mna kijicho kinachotambua joto. Injini ya ndege hutoa joto kali, na kijicho hulishika joto hilo. Baruti ndogo hulisukuma kombora litoke mtutuni bila kumwunguza mpigaji. Likisha kuwa mbali naye, baruti kubwa huwaka, nalo hukimbia kuliko sauti, huku mapezi yake madogo yakiligeuza kulifuata joto. Halifiki mbali: kama kilometa 3 na nusu tu. Ndege iliyo juu kilometa 10 hailiogopi. Hatari yake ni wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Ndege za vita humwaga vipande vya moto mkali ili kukidanganya kijicho kile. Ndege nyingi za abiria hazina kinga hiyo.

Sisi hatusemi kwamba silaha hii haijapata kumsaidia mnyonge. La hasha! Katika Guinea-Bissau Mreno alitawala anga miaka mingi, akivimwagia vijiji mabomu na moto wa napalm. Mwezi Machi, 1973, miezi miwili baada ya Amílcar Cabral kuuawa, wapiganaji wa PAIGC walianza kuziangusha ndege zake kwa Strela. Tangu hapo marubani wa Mreno hawakuruka tena kwa kiburi cha zamani. Mwezi Septemba mwaka ule ule uhuru ukatangazwa, na mwaka 1974 Mreno mwenyewe akaukubali.

Lakini ukweli hauna upande. Tarehe 3 Septemba, 1978, wapiganaji wa ZIPRA, waliokuwa wakipigania haki ya Mwafrika katika Rhodesia, waliiangusha kwa kombora la namna hiyo ndege ya abiria iliyotoka Kariba, yenye watu 56. Watu 38 walikufa ilipoanguka. Wengine 10 waliookoka wakauawa hapo chini. Kupigania haki hakukuwafanya abiria wale kuwa askari. Na tarehe 6 Aprili, 1994, ndege iliyokuwa ikiwarudisha Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi kutoka mkutanoni Dar es Salaam ilitunguliwa kwa makombora ikikaribia kutua Kigali. Usiku ule ule mauaji yakaanza, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaitia nchi ile msibani.

Hapo ndipo penye neno letu. Kijicho cha kombora chajua joto. Hakijui askari wala mtoto mchanga, hakijui mkoloni wala mpigania uhuru. Mwenye kujua ni yule aliyeushika mtutu. Na mtutu haukai na mtu mmoja. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulionyesha kuwa makombora ya Mombasa yalipitia Somalia. Libya ya Gaddafi ilikadiriwa kuwa imekusanya kama 20,000. Serikali yake ilipoanguka mwaka 2011 maghala yakavunjwa, na mengi hayajulikani yalikokwenda.

Kwa hiyo twazitaka serikali zetu mambo matatu. Kwanza, kila kombora liandikwe namba yake katika daftari na kuhesabiwa mara kwa mara. Na kombora likae ghala moja, mpini wa kulifyatulia ghala nyingine, ili mwizi wa kimoja asipate kitu. Pili, yaliyozeeka yavunjwe mbele ya mashahidi, wala yasiuzwe kwa mtu. Tatu, nchi jirani zipashane habari siku ile ile linapopotea hata moja. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 imekwisha kuyataja makombora haya pamoja na silaha ndogo zinazopasa kuzuiwa. Kutia sahihi ni rahisi. Kuhesabu ghalani ndiyo kazi.

Nasi wananchi tusiseme ni kazi ya askari peke yao. Wakazi wa kandokando ya viwanja vya ndege ndio waonao kwanza mgeni asiyejulikana na mzigo wake mrefu. Waliokuwa angani Mombasa siku ile waliokoka kwa sababu kombora lilikosa shabaha. Nchi haiwezi kuweka usalama wake juu ya bahati kama hiyo mara ya pili.