Nani Atabaki na Watoto?

Kila Jumatatu naketi kwenye meza ya mapokezi ya kituo cha wanawake wanaotaka kuacha pombe. Miaka minne iliyopita nilikuwa upande ule mwingine wa meza hiyo, mikono inatetemeka hadi nikashindwa kuandika jina langu kwenye fomu. Kwa hivyo najua wanachokuja nacho. Mnadhani wanauliza kama wataweza kuacha. Hapana. Wanauliza, "Nani atabaki na watoto?"

Na mimi sina jibu. Kituo kinataka ukae ndani siku 90. Mwanaume akiingia siku 90, nyumbani kuna mke, kuna mama, kuna dada wa kushika mambo, na Jumapili wanamletea matunda. Mwanamke akiingia, simu zinaanza wiki ya kwanza. Mtoto ana homa. Shule inataka karo. Bwana amechoka kupika. Wengi niliowaona wakifunga mkoba kabla ya wakati hawakufukuzwa na kiu, walifukuzwa na simu.

Sasa wacha niseme kinachonikera. Nchi hii ikizungumzia pombe, mwanamke ni mke wa mlevi, basi. Sheria ya 2010, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho, ilisema baa zifunguliwe siku za wiki kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Sawa. Lakini mimi nilikuwa nazimua saa 3 asubuhi, jikoni, watoto wakishaenda shule, kwenye kikombe cha chai. Polisi gani angenikuta huko? Februari 2024, pombe yenye sumu ilipoua watu Kangai kule Kirinyaga, tulisikia tena hotuba zilezile: vijana wetu wa kiume wanaisha, wasichana watakosa wa kuwaoa. Vifo vile viliniuma, sivipuuzi. Ila hata tukizika, jameni, mwanamke anatajwa kama mtu aliyekosa bwana!

Aibu ndiyo inayotumaliza. Mwanaume akilewa ni mambo ya wanaume. Mwanamke akilewa ni laana, kwa hivyo anafichwa. Mama mmoja alifungiwa chumbani na familia yake siku tatu, wakimwombea. Walimpenda, sina shaka. Siku ya pili akaanza kupata degedege. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, mwili umeshazoea, na akikatiziwa ghafla anaweza kufa. Anahitaji daktari kabla ya maombi, au basi vyote viwili kwa pamoja. Lakini hospitali kuna majirani, na majirani wana midomo.

Mimi huitwa kutoa ushuhuda. Nasimama, nalia kidogo pale pa kulia, wafadhili wanapiga makofi, napewa nauli na soda. Kuna kitu huwa sikisemi kwa sababu hakipendezi kwenye maikrofoni: mimi nilipona kwa mgongo wa dada yangu. Yeye ndiye aliyechukua watoto wangu wawili akawachanganya na wake watatu kwenye chumba kimoja. Kibanda chake cha mboga kikafa, maana nani angeamka kwenda sokoni saa 10 alfajiri na watoto watano ndani? Hakuna aliyemwita jukwaani.

Mwaka jana niliomba kituo kitenge chumba kimoja kiwe cha watoto, na mtu wa kuwaangalia, alipwe. Nikaambiwa kwa upole kwamba hiyo si sehemu ya matibabu. Hema la siku ya ushuhuda ni sehemu ya matibabu. Tishati zenye maandishi mgongoni pia. Chumba chenyewe kipo, ndimo zinamohifadhiwa hizo tishati.

Jumatatu iliyopita aliingia msichana, sidhani amefika 25, mtoto mgongoni na mwingine ameshika sketi. Alinukia asubuhi yangu ya zamani. Nikamwandikia jina, nikamweleza zile siku 90, nikaona anawatazama watoto. Kabla hajauliza nikatoka nje nikampigia dada yangu. Akanyamaza kidogo.

"Ni wangapi?"

Nikamwambia wawili. Akasema ngoja, kwanza aulize kama mwenye nyumba atakubali.