Nani Atabadilisha Ufunguo wa Mita?

Mwaka 2024 wateja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, nchini Tanzania, wa Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma wakiwemo, walinunua umeme kama kawaida, simu ikawaletea mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza hayakuwa na yuniti hata moja; umeme ulikuwa kwenye la tatu. Ni rahisi kuliita zoezi lile usumbufu. Mimi naliona kuwa kipimo ambacho kila kifaa kipya kinachopelekwa nyanda za juu za Kigoma kingepaswa kupimwa nacho.

Mita ya kawaida ya LUKU haihitaji intaneti. Ndani yake mna kompyuta ndogo mno, lakini inajua namba halali na ya kughushi. Tarakimu 20 hubeba ujumbe wa biti 66, na 64 kati ya hizo zimefungwa kwa ufunguo wa mita hiyo peke yake. Ndiyo maana namba za jirani hukataliwa. Mfumo wenyewe, STS, ulizaliwa Afrika Kusini. Ili mtu asiingize namba zilezile mara mbili, kila fungu hupigwa muhuri wa dakika, ambazo hadi wakati ule zilihesabiwa tangu Januari 1, 1993. Hesabu ilitengewa biti 24, yaani dakika 16,777,216. Zikaisha Novemba 24, 2024. Yale mafungu mawili yalikuwa ufunguo mpya wa kuanza hesabu upya, ukiingizwa kwa kidole cha mwenye nyumba.

Sasa zinakuja mita janja, na sola za kulipia kidogo kidogo zenye laini ya simu ndani. Kuna wanaosema usimbaji, yaani kule kufunga ujumbe kwa ufunguo, hula betri na kupandisha bei. Hoja hiyo imechakaa. Ascon, usimbaji mwepesi uliobuniwa na watafiti wa Graz, Austria, pamoja na wenzao, ulichaguliwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, Februari 2023, na kiwango chake kikachapishwa Agosti 2025. Umekusudiwa vifaa vidogo hasa.

Wengine huuliza: data ya kijijini ataitaka nani? Matumizi ya umeme husema lini nyumba ina watu na lini wamesafiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 1, 2023, haitenganishi nyumba ya Masaki, Dar es Salaam, na ya Heru Juu, Kasulu.

Hata hivyo Ascon peke yake haitoshi. Kiwanda kikiweka ufunguo mmoja katika vifaa vyote, anayefumbua kimoja amefumbua vyote. Kubadilisha ufunguo kwa njia ya mtandao ni rahisi, lakini mtandao hupotea mabondeni, na mlango anaoutumia fundi aliye Dar es Salaam ndio mwizi atakaoujaribu. Kuingiza tarakimu 40 kwa mkono nako ni adha ya kweli kwa bibi asiyeona vizuri. Nataka njia zote mbili ziwepo, na ile ya mkono isiondolewe kwa kisingizio cha usasa.

Sharti liandikwe kwenye zabuni. Kabla ya malipo ya kwanza, muuzaji apelekwe kwenye nyumba moja ya Kibondo isiyo na mtandao, abadilishe ufunguo mbele ya mwenye nyumba, kisha mwenye nyumba arudie mwenyewe.