Viza ya Mmoja Si Viza ya Wawili

Wadau, leo niruhusuni nipige kelele kidogo.

Sisi waandishi wa programu hapa Nairobi tuna ushauri wetu maarufu: "Pata kazi Marekani kwanza, mengine yatajipanga." Hayo mengine ni nani? Ni mke wako, au mume wako. Ushauri huo ni mbovu, tuache kupeana.

Mwaka 2024 kampuni moja ya huko ilikuwa tayari kuniombea viza ya H-1B. Barua ilieleza kila kitu: mshahara, bima, nauli. Kuhusu mke wangu, muuguzi mwenye leseni na kazi yake, kulikuwa na mstari mmoja tu: tegemezi atapata H-4.

Mwenye H-4 anaruhusiwa kuishi na kusoma, lakini si kuajiriwa. Tangu Mei 2015 wapo wanaoweza kuomba kibali cha kazi, ila kwa kawaida ni mpaka fomu ya I-140, ombi la kumpatia mwenye H-1B makazi ya kudumu, ikubaliwe. Ombi hilo huletwa na mwajiri, na hakuna anayemlazimisha kulileta. Yaani kazi ya mke wangu ingekaa mfukoni mwa bosi wangu! Nikawauliza wataanza lini. Wakajibu: "Tutaangalia utendaji wako kwanza."

Marafiki wakanicheka. "Dola ni dola, bibi atazoea." Nikawauliza: ungekuwa wewe, na digrii yako ya kompyuta, ungekaa nyumbani miaka mitatu ukingoja bosi wa mkeo aamue? Kimya.

Tena msiniambie ndivyo dunia ilivyo. Ujerumani, mwenzi wa mwenye Blue Card anaruhusiwa kufanya kazi. Leseni ya uuguzi ataitafuta kwa jasho lake, lakini viza haimfungii mlango. Marekani yenyewe, wenzi wa wafanyakazi wanaohamishwa na kampuni zao kwa viza ya L-1 wanaruhusiwa, na tangu Novemba 2021 hawahitaji hata kuomba kibali kwanza. Kwa hiyo ni sheria iliyoandikwa na watu, na watu huibadilisha. Uingereza ilizuia watunza wagonjwa wapya kuja na familia kuanzia Machi 2024. Canada ilipunguza vibali vya wenzi Januari 2025. Usitegemee hadithi ya binamu aliyeenda zamani.

Hakuna kati yetu anayeweka programu kwenye seva bila kuangalia inategemea nini. Mbona maisha ya watu wawili tunayarusha hewani hivi hivi?

Mimi nilikataa ile kazi. Pesa niliitamani, sitadanganya. Ukipata barua kama yangu, kabla ya kuuliza mshahara, uliza hivi: mwenzangu ataruhusiwa kufanya kazi kuanzia siku gani, na kwa uamuzi wa nani? Wasipojibu kwa maandishi, jibu umeshapata.