Kabla ya kupanda balenyere, tuhesabu karatasi za watoto



Masomo yanakwisha, vakansi kubwa inakaribia, na wakati huu kila mwaka bichi zinajaa watu. Mtoto huyu anapelekwa kwa shangazi Kisangani, yule anakwenda kumwona koko wake Isangi, mama mwenye mimba anataka kuzalia karibu na hospitali kubwa. Barabara zetu tunazijua, kwa hiyo tunashuka mtoni, tunapanda balenyere, tunapita Isangi na Yangambi mpaka Kisangani. Kabla ya kuondoka tunahesabu madumu ya mawese, mifuko ya mchele, kuku na mikeka. Juma hili tunawaomba tuhesabu kitu kingine: karatasi za kila mtu wa nyumba, na zaidi za watoto.

Mama mmoja wa chama chetu alisafiri mwaka jana na watoto watatu. Wawili aliwazaa mwenyewe. Wa tatu ni mtoto wa marehemu dada yake, anayemlea tangu alipokuwa akinyonya. Kwetu hilo si jambo la kuuliza: mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Lakini pale bichini aliulizwa: "Mama, huyu jina lake ni lingine. Ni mtoto wa nani?" Hakuwa na karatasi hata moja ya kujibu. Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua likapinduka. Balenyere iliondoka na mizigo yake, naye akabaki ufukoni na watoto watatu na sufuria moja.

Tuseme ukweli, swali lenyewe halikuwa baya. Kuna watu wanaochukua watoto wa wengine na kwenda nao mbali, na mtu akikataa kuuliza, mtoto anapotea. Mama yule alikuwa mama wa kweli, lakini ukweli wake ulijulikana kijijini tu. Mtoni hakuna jirani wa kushuhudia.

Kwanza tujue haki yetu. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, katika kifungu cha 30, inasema kila mtu aliye ndani ya nchi ana haki ya kutembea kwa uhuru, kukaa anapotaka, kutoka na kurudi, kwa kufuata sheria. Wakati wa Wabelgiji, mtu aliyetaka kutoka katika usultani wake kwa muda mrefu alihitaji karatasi ya ruhusa. Wakati huo umepita.

Kuna jambo lingine ambalo wamama wengi bado wanaogopa: kuulizwa ruhusa ya bwana. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016. Kupatana na bwana nyumbani kabla ya safari ni heshima na ni amani, tena ni vizuri. Lakini asikudanganye mtu kwamba sheria inakukataza kwenda kumwona mama yako bila barua ya bwana.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kwa mama na baba, iliyo mkononi mwa wengi ni karte ya elekteri. Inatolewa kwa ajili ya kupiga kura, lakini kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu cha kila siku, sababu karte ya uraia haijatufikia sisi wananchi wa kawaida. Karte nyingi za mwaka 2023 maandishi yake yanafifia. Piga fotokopi sasa, wakati jina na picha bado vinaonekana, na uiweke asili katika plastiki, mbali na jasho na maji. Kama imepotea, nenda ofisini uombe karatasi ya kuthibitisha kwamba umepoteza karte, wala usingoje siku ya safari.

Kwa mtoto, karatasi iliyo msingi wa zote ni cheti cha kuzaliwa. Hapa wengi wetu tunachanganya. Karatasi uliyopewa maternite inasema tu kwamba ulizaa pale, siku fulani, mtoto wa kiume au wa kike. Karte ya CPS inaonyesha kilo na chanjo. Zote ni za maana, zitunze, lakini hakuna hata moja iliyo cheti cha kuzaliwa. Cheti kinatoka etasivili, yaani ofisi ya serikali inayoandika vizazi, ndoa na vifo. Karatasi ya maternite ni ya kupeleka huko, si ya kuweka chini ya godoro.

Muda ni siku 90 tangu mtoto kuzaliwa. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 mwezi wa 6, siku zake zinakwisha tarehe 30 mwezi wa 8. Zikipita, ofisi haiwezi tena kuandika hivi hivi; lazima kwenda tribinali kupata hukumu inayokubali kwamba mtoto amezaliwa, na hapo kuna safari, siku za kungoja na feza za kutoa. Tena si lazima baba awepo. Mama anaweza kwenda mwenyewe kuandikisha mtoto wake. Wazazi wasipoweza, ndugu wa karibu au mtu aliyekuwapo wakati wa kuzaa anaweza kwenda.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, karibu 40 tu ndio walioandikishwa. Wengine wote wapo, wanakula, wanacheza, wanakuja shuleni, lakini mbele ya serikali hawajulikani.

Nasi walimu tuna neno moja juu ya majina. Mtoto wa Kongo anabeba jina, postnomu na jina la ubatizo. Kwenye karte ya CPS jina limeandikwa kwa herufi moja, kwenye buleteni kwa nyingine, na kwenye cheti postnomu imesahaulika kabisa. Mtoto ni mmoja, lakini kwa karatasi wamekuwa watoto watatu. Anapofika darasa la sita na majina yanapelekwa kwa mtihani wa serikali, shida inaanza. Bichini ni vilevile. Mama, siku unapoandikisha mtoto shuleni, njoo na cheti, tuandike kutoka kwenye cheti, tusiandike kutoka kinywani.

Mtoto anaposafiri bila wazazi, au na mtu asiyemzaa, andika barua. Haihitaji maneno mengi: majina kamili ya mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, majina ya wazazi au ya anayemlea, jina la anayesafiri naye, anakwenda wapi, kwa nani, na atarudi lini. Wazazi watie sahihi, shefu wa lokalite atie sahihi na muhuri wake. Funga pamoja na fotokopi ya cheti na ya karte za wazazi. Kama wazazi wamekufa, weka karatasi inayoonyesha hivyo. Kama mtoto anapelekwa hospitali, barua ya muganga iwe juu ya zote. Na kwa anayevuka mpaka, kwa mfano kutoka Kinshasa kwenda Brazzaville, huko ni nchi nyingine: kuna karatasi za kusafiria zinazodaiwa mpakani, na mtoto lazima awe na ruhusa ya wazazi.

Msifikiri kwamba haya ni mateso ya mto wetu tu. Huko Marekani watu wanapanda meli kubwa kama mtaa mzima kwenda kutembea baharini kwa juma moja na kurudi bandari ileile. Mtoto wa huko aliye chini ya miaka 16 anaweza kusafiri kwa cheti chake cha kuzaliwa. Hata kwenye meli ile ya matajiri, karatasi ya mtoto ni hiyohiyo tunayoiongelea hapa.

Tena kuna sababu moja kubwa kuliko maswali ya bichini. Mwezi wa 4 mwaka 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya mbao iliyobeba watu karibu 400 ilishika moto na kupinduka. Watu zaidi ya 140 walikufa. Tanzania, tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilichojengwa kwa watu 101 kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya 220 walikufa. Katika ajali za namna hiyo, jamaa wanakuja ufukoni kuuliza jina. Kama jina halimo kwenye orodha, hakuna wa kuwajibu. Mara nyingi wanaoandikwa ni waliolipa, na mtoto wa mgongoni haandikwi. Kwa hiyo mama, unapolipa, simama hapo mpaka uone majina ya watoto wako wote yameandikwa, hata wa kunyonya. Omba kwa upole, lakini usiondoke. Na uache nyumbani karatasi yenye jina la mashua, siku ya kuondoka na majina ya waliosafiri.

Kwa vikundi vyetu tunapendekeza kazi ndogo. Kila kikundi kiwe na daftari moja. Mtoto akizaliwa, mwandishi aandike jina la mama, siku ya kuzaliwa, na siku ya 90. Kila mkutano asome daftari kwa sauti: mtoto wa nani amebakiza siku ngapi? Wanaokaribia mwisho waende pamoja etasivili siku moja, watatu au wane, wenye akiba ya nauli wasaidie wasio nayo. Peke yako ofisini ni rahisi kuambiwa "rudi kesho". Mkiwa wane mnasikilizwa.

Mama yule wa chama chetu sasa anafuata hukumu ya tribinali kwa mtoto wa dada yake, akisaidiwa na akiba ya kikundi. Haijakwisha bado. Vakansi hii mtoto hasafiri. Atangoja karatasi yake.

Juma hili, jioni moja, toeni karatasi zote za nyumba mziweke mezani. Kwa kila mtoto ulizeni: cheti chake kiko wapi? Mliokosa, njooni nazo kwenye mkutano tuanze.

Safari njema kwa wanaosafiri.