Maji mafupi nayo yanaua

Ndugu wachimbaji, siye wote tunajuaka: shimo bila hewa haliingiwi. Lakini kijana wa Ubwari akisema anataka kuzamia boti iliyolala karibu na ufuko, tunamujibu: enda tu, ni maji mafupi. Hapo tunakosea.

Kweli, boti ya namna hiyo inafaa mwanafunzi: mwanga unafika, na juu si mbali. Ila kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili. Mwenye kuvuta hewa ya chupa kule chini, akifunga pumzi na kupanda, ile hewa inavimba na kupasua mapafu. Basi afundishwe kwanza, ashuke na mwenzake, apande polepole akipumua, asiingie ndani ya boti. Na kompresa ya shimoni ibaki shimoni: moshi wa moteri ukipita katika bomba, unaua kimya.

Mwaka 1916 Wajerumani walizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, mashini imepakwa grisi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, ikawa Liemba. Chuma kilingoja miaka 8. Mutoto wetu hawezi kungoja hata dakika kumi.