Kochi Nalo ni Nyumba ya Wazee

"Sisi Waafrika hatutupi wazee wetu." Ndivyo wengi wetu tunavyojigamba tukimaliza kutazama Up, filamu ya katuni ya Pixar ya mwaka 2009. Carl Fredricksen, mzee wa miaka 78 aliyefiwa na mkewe, anaamriwa na mahakama ahamie nyumba ya wazee. Siku ya kuchukuliwa, anaing'oa nyumba yake kwa maelfu ya maputo na kuruka nayo hadi Amerika Kusini, kwenye maporomoko ya maji aliyoahidiana na mkewe kuyafikia. Tunalia kidogo, kisha tunasema: masikini Wazungu.

Tujitazame. Chukua mama wa miaka 75 kule Nyabusozi. Ana migomba, jembe, majirani wa kuongea nao lugha yake, na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba. Watoto wake wako Dar es Salaam. Wanafanya kikao bila yeye, wanakubaliana kwamba amechoka, wanamkatia tiketi ya basi. Anafika, anakalishwa kwenye kochi mbele ya televisheni, geti linafungwa. Akiuliza nani anapalilia migomba, anajibiwa: "Mama, wewe pumzika tu." Carl angalau alisomewa hukumu na mahakama. Huyu kahukumiwa bila kusikilizwa, na hukumu yenyewe inaitwa upendo.

Mtasema uzee una maradhi na hospitali ziko mbali. Kweli. Sisemi aachwe peke yake, nasema aulizwe. Hela ya dawa, kijana wa kumsaidia shambani, bati lisilovuja: vyote hivi vinaweza kumfuata alipo. Tunamhamisha kwa sababu ni rahisi kwetu, halafu tunadai shukrani.

Wala ujasiri wa uzeeni si hadithi ya katuni. Mwaka 2004 Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyepigana katika Mau Mau, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, Kenya, akiwa na miaka 84 na kaptula ya shule. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata akapanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kutetea elimu ya bure mbele ya Umoja wa Mataifa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfukuza kwake, akaishia nyumba ya wazee Nairobi. Hata huko akatafuta shule na kuendelea na masomo. Alifariki Agosti 2009.

Mwishoni Carl anaiacha nyumba ile aliyoipigania. Lakini anaiacha mwenyewe, kwa uamuzi wake. Basi kikao kijacho cha familia, mama awepo, tena aanze yeye kusema. Na akisema "nataka kurudi kwangu", mkatieni tiketi.